Jumamosi za Kukereza Pini za Breki

Pini ya breki ya injini ya mvuke ukiitazama juu juu haina kasoro. Ni kipande cha chuma cha mviringo, kichwa upande mmoja, tundu la kotapini upande wa pili, unene wake umezidi kidogo kidole gumba cha mkulima. Ile niliyokabidhiwa mara ya kwanza ilikuwa inang'aa katikati kama pete iliyosuguliwa, nami nikadhani mng'aro ule ndio uzima wake. Mzee aliyenikabidhi hakunisahihisha kwa maneno. Alinishika kidole cha shahada, akakipitisha taratibu juu ya chuma kutoka kichwani kwenda mkiani. Nikahisi bonde. Pale palipong'aa ndipo palipoliwa.

"Sasa kaangalie tundu ilimokaa," akasema.

Tundu lilikuwa limegeuka yai.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio, kwenye karakana ya reli moja ya kale huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Siku nyingine za wiki nafanya zamu za usiku kwenye ghala. Jumamosi navaa ovaroli, nakwenda kutengeneza injini ambayo si yangu, ya nchi ambayo sikuzaliwa, na sirudi na hata senti. Mama, nilipomweleza kwa simu mara ya kwanza, aliuliza swali ambalo mama yeyote wa Tabora angeuliza: "Wanakulipa shilingi ngapi, mwanangu?" Nikamwambia hawanilipi, na wenzangu nao hawalipwi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni msaragambo." Sijapata neno zuri kuliko hilo tangu siku ile. Waingereza wanaita kujitolea. Lakini ukiwaona watu kumi na wawili wamezunguka gurudumu lililo refu kuliko wao, mmoja kashika taa, mwingine kashika kabari, wa tatu anakoroga chai ya wote, huo ni msaragambo kabisa.

Injini yenyewe ni ya aina waliyoipachika jina la Black Five. Michoro yake ilitoka ofisi ya mhandisi William Stanier, na kati ya mwaka 1934 na 1951 zilijengwa 842. Zilivuta kila kitu: abiria, makaa, samaki, wanajeshi wa vita kuu ya pili. Agosti 1968, reli za Uingereza zilipozima rasmi injini za mvuke, Black Five zilikuwa miongoni mwa zile zilizovuta treni ya mwisho kabisa. Leo zimebaki 18. Hii yetu ilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Ilikaa miaka mingi kwenye yadi ya Woodham kule Barry, Wales Kusini, ikinyeshewa na kupigwa na upepo wa chumvi. Mwenye yadi ile alikuwa na kazi nyingi ya kukata mabehewa, injini akawa anaziahirisha, na kuahirisha huko kukaziokoa. Watu wa kawaida walichanga fedha, wakanunua moja baada ya nyingine. Ziliondoka pale injini 213. Nyingi zilitoka zikiwa mifupa tu, maana kila kilichofunguka kilikuwa kimefunguliwa na watu waliotangulia.

Ndiyo maana tunakereza. Hakuna duka unaloweza kwenda ukasema nipe pini za breki za Black Five. Viwanda vilivyozijenga viliacha zamani, na mafundi wake wamezeeka au wamekufa. Kilichobaki ni michoro, mingine imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York, ikiwa na vipimo vya inchi na mwandiko mwembamba wa watu waliotumia kalamu za wino. Unachukua mchoro, unachukua nondo ya chuma, unasimama mbele ya mashine ya lethi, mengine ni mikono yako.

Na mikono yangu ina asili yake. Baba alikuwa fita wa breki Tabora.

Mtu ambaye hakukulia Tabora ni vigumu kumweleza reli ni nini kwetu. Reli ya Kati iliyoanzwa na Wajerumani ilifika pale mwaka 1912, ikasonga mpaka Kigoma mwaka 1914, na baadaye njia ya Mwanza ikachepukia hapohapo. Honi ya treni ndiyo ilitwambia saa ya kulala na saa ya kwenda kuchota maji. Sisi kwa asili ni Wanyaturu wa Singida. Reli ndiyo iliyotupeleka Tabora. Mpaka leo kule Makumbusho ya Reli ya Nairobi ipo injini namba 3020, iliyojengwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950, na ubavuni imeandikwa Nyaturu. Injini za kundi lile zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Nilipowaonyesha picha yake wenzangu wa karakana, mmoja wao, dereva wa basi mstaafu, aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Yaani wewe ni Nyaturu, na hiyo nayo ni Nyaturu?" Nikamwambia ndiyo, hatutofautiani. Tangu siku hiyo akaanza kunisogezea kiti karibu na hita.

Ndugu wa karibu wa kundi lile, daraja la 31, walijengwa na Vulcan Foundry pale Newton-le-Willows, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka ninapoishi sasa. Kiwanda hichohicho miaka 20 kabla kilikuwa kimejenga Black Five 100. Kwa hiyo mikono iliyofundisha mikono iliyojenga injini za kwetu ndiyo iliyojenga na hizi. Na injini kubwa za aina ya Garratt, daraja la 59, zile tani 252 zilizopanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi zikiwa na majina ya milima yetu, zilitoka Gorton, Manchester, kwa Beyer Peacock. Hazikuwahi kutokea injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya mita moja, popote duniani. Nikipita Manchester kwa treni huwa nawaza mafundi wa Gorton wakikereza vyuma huku mvua inanyesha nje, chuma kinaondoka pale kwenda kula vumbi la Voi. Sasa mimi nimetoka kwenye vumbi nimekuja kukereza chuma chao kwenye mvua. Kuna usawa fulani katika jambo hilo unaonifurahisha.

Baba alikuwa na nyundo ndogo, mpini wake umekuwa mweusi kwa grisi na jasho. Siku chache alizoniruhusu kumfuata mpaka uani kwa treni, nilimwona akiinama chini ya behewa na kugonga pini moja moja, kichwa kakiinamisha kama mtu anayesikiliza mlango. "Nzima inajibu," alisema. "Iliyolegea inakohoa." Mimi nilisikia chuma tu. Yeye aligonga, akajibiwa, akasonga mbele. Akigonga akakoholewa, anatoa chaki mfukoni anaweka alama. Sikumwona akiandika kwenye karatasi. Alama za chaki zilimtosha, na waliomfuata nyuma na spana walizielewa.

Nieleze sasa kwa nini pini, maana watu wengi wakisikia breki wanafikiria kile kipande kinachobana gurudumu. Kipande kile ni cha chuma cha kumimina, laini kuliko ukingo wa gurudumu, kwa makusudi, ili kinacholika kiwe kile cha bei nafuu. Kinabadilishwa kama unavyobadilisha soli ya kiatu. Hicho si cha kukunyima usingizi. Cha kukunyima usingizi ni safari ya nguvu kutoka mkononi mwa dereva mpaka kwenye kipande kile. Kwenye Black Five dereva anafungua vali, mvuke unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni. Pistoni inazungusha shafti. Shafti inavuta vyuma virefu vinavyopita chini ya tumbo la injini. Vyuma virefu vinavuta mihimili iliyolala kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, na mihimili inasukuma mikono inayoning'inia, na mikono ndiyo iliyobeba vile vipande vya breki, kimoja kwa kila gurudumu kubwa, jumla 6. Kila mahali chuma kimoja kinapokabidhi nguvu kwa kingine pana pini, na kila pini ina tundu lake.

Sasa chukulia kila kiungo kimelika milimita moja na nusu, kiasi ambacho jicho hukipuuza. Viungo 10 vikifuatana, milimita 15 zimekwenda bure, gurudumu halijaguswa. Halafu kuna nyenzo. Vyuma vimepangwa ili pistoni iende mbali na kipande cha breki kisogee kidogo, maana hivyo ndivyo nguvu inavyozidishwa. Lakini nyenzo haichagui cha kuzidisha. Ulegevu wa kule kwenye magurudumu ukifika kwa pistoni umekwisha kukua mara kadhaa. Pistoni ina urefu wa mwendo iliojaliwa, basi. Ikifika mwisho wa silinda kabla vipande havijabana sawasawa, dereva anaweza kufungua vali mpaka mwisho na kumwita kila mtakatifu anayemjua. Mvuke unasukuma kifuniko cha silinda, hausukumi breki. Breki inakufa hivyo huku kila kipande ukikishika mkononi unakiona kizima.

Nililijua jambo hilo kichwani tangu chuo cha ufundi. Nimelijua kwa mikono nikiwa na miaka 36, kwenye karakana ya wazee.

Yule mzee wa pini alifanya kazi ya kutengeneza zana za viwandani huko Sheffield maisha yake yote. Kwa taratibu zao tunamwita kwa jina lake la kwanza, lakini mdomo wangu ulikataa, mtu mwenye umri wa kunizaa mara moja na nusu. Namwita Mzee. Aliuliza maana yake, nikamwambia, akakubali. Sasa karakana nzima inamwita Mzee, na wanalitamka vizuri kuliko nilivyotarajia. Yupo pia mama mmoja aliyestaafu uuguzi ambaye ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko sote kwenye kupima. Anasema maikromita haina tofauti na sindano, ukiiharakisha inakuongopea. Na yupo binti wa miaka 19, mwanafunzi wa uhandisi, ambaye anakuja kwa mabasi mawili kila Jumamosi na hajawahi kuchelewa. Yeye ndiye anayeweka kumbukumbu: kila pini ina namba iliyogongwa kichwani, na kila namba ina ukurasa.

Kazi yenyewe huanza kwenye tundu, pini inafuata baadaye. Mkono ule wa kuning'inia unafungwa kwenye mashine, tundu lililogeuka yai linapanuliwa mpaka liwe duara tena. Hapo limekuwa kubwa mno kwa pini, basi unakereza bushi: pete nene ya chuma, nje inakaba tundu, ndani inapokea pini. Bushi lazima iwe kubwa kuliko tundu lake kwa kiasi kidogo sana, ili iingie kwa presi na isitoke tena. Mafundi wa hapa wanahesabu kwa thau, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi. Unywele wa mtu ni kama thau tatu. Bushi yetu ilitakiwa kuzidi tundu kwa thau moja na nusu.

Ya kwanza niliikereza kwa uangalifu wote niliojaliwa. Kisu kilikata vizuri, maranda ya chuma yakijikunja ya buluu, maji meupe ya kupozea nikayaona yananipaka mikono nikayapunguza. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nikapima, maikromita ikasoma sawasawa na mchoro, nikazima mashine nikaenda kunywa chai nikiwa na furaha ya mtoto. Niliporudi nikaichukua bushi kuipeleka kwenye presi. Mzee akanyoosha mkono, akaiweka mdomoni mwa tundu, akaisukuma kwa kidole. Ikaingia yote. Ikatoka. Ikaingia tena.

Nilikuwa nimepima chuma cha moto. Chuma kikipata joto kinatanuka, na bushi yangu ilikuwa na joto la kutosha kuongeza thau moja na nusu na zaidi. Iliposhika ubaridi wa Yorkshire ikarudi kwenye unene wake wa kweli, nayo ikawa haina pa kukaba. Saa nne za kazi. Niliona aibu, na nilisema kitu kama kwamba pengine ingefaa hivyohivyo kwa gundi ya viwandani, zipo za nguvu sana siku hizi.

Mzee hakunikaripia. Alifungua daftari la binti, akaonyesha mstari. "Hapa tutaandika nini?"

Nikakereza nyingine. Ile ya kwanza ipo kwenye droo ya presi mpaka leo. Ndiyo tunayoitumia kama kikalio tunaposukuma bushi za zamani zitoke. Imekwisha kutoa zaidi ya ishirini.

Watu wanaponiuliza kwa nini nimeng'ang'ania breki, wakati karakana ina kazi za kupendeza zaidi kama kupaka rangi na kung'arisha shaba, huwa nasitasita. Nitaandika hapa kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kusema.

Tarehe 12 Juni 1889, watoto wa shule ya Jumapili pamoja na wazazi wao walipanda treni mjini Armagh, Ireland, kwenda kutembea ufukweni Warrenpoint. Watu walikuwa wengi kuliko injini ilivyoweza. Ikakwama mlimani. Wahusika wakaamua kuikata treni vipande viwili: cha mbele kivutwe kwanza, cha nyuma kisubiri. Treni ile ilikuwa na breki za ombwe, yaani za bomba linalonyonywa hewa, lakini za mtindo wa zamani, ambazo ombwe ndilo lililofunga. Ukikata bomba, zinaachia. Kwa hiyo mabehewa ya nyuma yakabaki yameshikwa na breki ya mkono na mawe yaliyosukumizwa chini ya magurudumu. Injini ilipotaka kuondoka ikarudi nyuma kidogo, ikayagusa. Mawe yakasagika. Mabehewa yakaanza kushuka yakiwa yamejaa watoto, milango imefungwa kwa ufunguo, mpaka yakakutana na treni nyingine iliyokuwa inapanda mlima uleule nyuma yao. Walikufa watu 80.

Agosti mwaka uleule bunge la Uingereza lilipitisha sheria: kila treni ya abiria iwe na breki zinazojifunga zenyewe. Mabehewa yetu hapa bado yanatii sheria hiyo. Bomba moja linapita chini ya treni nzima. Mvuke unanyonya hewa ndani yake mpaka kipimo kisome inchi 21 za zebaki, na hapo breki zinaachia. Hewa ikirudi, zinafunga. Bomba likipasuka au behewa likikatika, hewa inaingia yenyewe na kila gurudumu linabanwa bila kungoja amri ya mtu. Mara ya kwanza nilipoelezwa hivyo nikiwa nimesimama chini ya behewa, mkono umeshika lile bomba, nililazimika kutoka nje.

Kwa sababu mimi nilikuwa Tabora tarehe 24 Juni 2002, kidato cha pili. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ndani yake watu zaidi ya 1,200, ilikuwa inapanda mlima wa Igandu, mkoani Dodoma. Ikashindwa. Ikaanza kurudi nyuma, ikashuka kwa kasi iliyozidi kukua, mpaka ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia ileile. Walikufa watu 281. Ile ilikuwa treni yetu, ya kuja kwetu. Stesheni ya Tabora nakumbuka watu wamekaa chini kwenye sakafu, wengine na vitenge vimefunika vichwa, hakuna aliyepiga kelele. Wanangoja majina.

Baba alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikaa barazani na redio mapajani, ugali ukapoa. Hakusema neno lolote kuhusu breki, wala siku ile wala miaka iliyofuata, na mimi sikumuuliza. Kesho yake aliondoka kwenda kazini kabla hata adhana ya alfajiri. Nilimuuliza Mama amekwenda kufanya nini giza lote hili. "Kugonga pini," akasema.

Juni na Juni. Mlima na mlima. Treni inayorudi nyuma na treni inayofuata nyuma. Miaka 113 katikati. Nimeziweka ajali hizi mbili pamoja mara nyingi kichwani, usiku kwenye ghala, na kila mara nafika palepale: kwamba uzito unaotaka kushuka haujali mwaka wala nchi, na kinachouzuia ni vyuma vilivyounganishwa na mtu aliyejali au na mtu asiyejali. Sasa kwetu kuna treni za umeme za reli mpya, kutoka Dar mpaka Dodoma tangu mwaka 2024, na nimezifurahia sana. Mama kaipanda, kasema hata chai haimwagiki. Mahali fulani kuna mtu anayekagua breki zake. Namwombea mtu huyo macho mazuri na msimamizi asiyemharakisha.

Kazi ya breki za injini tuliimaliza Jumamosi moja ya Oktoba. Nasema za injini, maana boila lilikuwa bado liko kwingine. Kila miaka 10 au karibu na hapo lazima livuliwe, likaguliwe ndani na nje, na hiyo ni kazi kubwa peke yake. Bila boila hakuna mvuke, basi tulifunga bomba la hewa ya kompresa kwenye silinda ya breki. Mama muuguzi akasimama kwenye vali. Binti akashika daftari. Mimi na Mzee tukashuka kwenye shimo la ukaguzi na taa.

Kabla ya kuivunja injini ile tulikuwa tumerekodi sauti ya breki zikifunga, ili tuwe na cha kulinganisha. Ilikuwa sauti ya watu wanaoingia nyumbani kwa zamu: kwa, halafu kwa-kwa, halafu kimya, halafu kwa nyingine imechelewa mbali. Kila kipande kilifika wakati wake.

"Tayari?" mama akauliza kutoka juu. Mzee akainua mkono.

Kwa!

Moja tu. Niliiona mikono ile inayoning'inia ikisogea sentimita chache kwa pamoja, ile mikono yenye bushi nilizokereza na zile alizokereza binti na zile za dereva wa basi, na vumbi likaanguka kutoka kwenye mihimili yote kwa mara moja. Pistoni ilikuwa imetembea kidogo kuliko nusu ya mwendo wake. Binti akaandika. Sikuweza kusema kitu. Tukarudia mara tano, na mara ya tano nikarekodi kwa simu nikamtumia Baba.

Ni saa za jioni Tabora. Ana miaka 76, macho yamepungua, lakini sikio lipo. Alama mbili za buluu zikatokea, kisha kimya kirefu. Halafu akapiga mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kwa nadra kwa sababu ya vocha.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Rudia hiyo sauti, niisikie ikiwa mbichi, si ya kurekodi."

Nikawaomba wenzangu. Nikainua simu chini ya injini. Kwa!

"Tena."

Kwa!

"Kuna kimoja kinachelewa," akasema. "Kidogo sana. Cha nyuma."

Nikamtafsiria Mzee. Hakushangaa wala hakubisha. Alichukua geji yake ya majani membamba, akaenda kwenye magurudumu ya nyuma breki zikiwa zimeachia, akapima nafasi kati ya kipande na gurudumu. Kushoto sawa. Kulia, nafasi ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote. Akaizungusha nati ya kurekebishia mara moja na robo, akapima tena, akaipiga spana ya kufungia. Kisha akanisogelea akaongea karibu na simu, kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili: "Asante, bwana. Ni kweli." Nikatafsiri.

"Mwambie hata mimi namshukuru," Baba akasema. "Kwa kukufundisha kupima kilichopoa." Nilikuwa nimemsimulia habari ya ile bushi.

Tukafunga tena, akasikiliza, safari hii hakuomba irudiwe. Nikamsikia akivuta pumzi, na nyuma yake jogoo wa jirani asiyejua saa.

"Na tenda?" akauliza.

Tenda ni lile behewa la makaa na maji linalofuata nyuma ya injini. Lina magurudumu yake 6 na breki zake. Lilikuwa limesimama nje uani, chini ya turubai, halijaguswa.

"Tenda bado, Baba."

"Lina pini ngapi?"

Sikuwa na hesabu. Nikamwangalia binti, akafungua daftari, ukurasa mweupe, akaandika juu kabisa tarehe ya Jumamosi inayofuata.

"Kahesabu," Baba akasema. "Halafu unipigie."